NAFASI ILIYO MBELE YA GARI NI HAKI YA MWINGINE



Upo msemo unaotamkwa kila mara damu inapomwagika barabarani: "Ajali haina kinga." Husemwa kituoni polisi, husemwa msibani, na wakati mwingine, tunasikitika kukiri, husemwa mbele ya jeneza kanisani, ukifuatiwa na ule wa pili kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tume ya Haki na Amani inaukataa msemo huo, hasa kwa ajali za aina moja: zile ambazo gari hugonga kwa nyuma gari lililotangulia. Ajali hiyo ina kinga. Kinga yake haiuzwi dukani wala haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni mita kadhaa za lami tupu kati ya gari na gari. Anayezimeza mita hizo, kisha akamsingizia Mungu matokeo yake, anamkosea Mungu mara mbili.

1. Hesabu isiyobembelezeka

Tuchukue pikapu ya tani moja, gari linalotumiwa na parokia nyingi na wafanyabiashara wengi. Likienda kilometa 80 kwa saa, linapita mita 22 kila sekunde. Dereva mwenye afya, asiyelewa wala kusinzia, huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu tangu taa za breki za gari la mbele ziwake hadi mguu wake ukanyage breki. Katika muda huo amekwisha kupita mita 22 hadi 33, na mwendo haujapungua hata kidogo. Basi anayemfuata mwenzake kwa mita 10 ni sawa na asiye na breki. Anazo chini ya gari, lakini siku ya siku hazitamfaa. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao gari hutumia kusimama baada ya breki kukanyagwa huongezeka mara nne.

Kisha tupakie. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Hapo gari limeshiba. Nani kati yetu hajaiona pikapu hiyo hiyo ikiwa na mifuko 35, na vibarua watatu wameketi juu yake? Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Uzito ukizidi, joto nalo huzidi. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, dereva asiyeshuka kwa gia nzito huzichosha breki hadi mafuta yake yachemke, na pedali izame bila kushika kitu. Aliye mbele yake hana habari. Yeye anatazama mbele, kama inavyompasa.

2. Visingizio vitatu

Wa kwanza husema: "Nikiacha nafasi, wengine wataniingilia." Ni kweli, wataingia. Hasara yake ni nini? Kila anayeingia humchelewesha dereva kwa sekunde mbili au tatu, basi. Wakiingia kumi, amepoteza nusu dakika. Sisi tunauliza: ni dhamiri ya namna gani ipimayo nusu dakika na uhai wa mtu, ikaona mizani iko sawa?

Wa pili husema: "Breki zilifeli." Zipo breki zinazofeli ghafula, hatubishi. Lakini mara ngapi breki hizo zilianza kulia wiki tatu kabla, na mwenye gari akasema zivumiliwe hadi mwisho wa mwezi? Mara ngapi tairi zilikuwa vipara na kila mtu aliziona? Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililoshindwa kusimama liliyagonga magari mengine matatu, na watu 25 wakapoteza maisha. Kumhukumu mtu si kazi yetu. Viko vyombo vya sheria. Kazi yetu ni kukumbusha kwamba gari lisiloweza kusimama ni hatari kwa kila aliye mbele yake, na kwamba wajibu wa kulizuia huanza gereji, kabla halijaingia barabarani.

Wa tatu husema: "Mimi ni dereva tu, tajiri anataka safari nne kwa siku." Hapa tunageuka kumtazama tajiri mwenyewe, ambaye pengine huketi kiti cha mbele kanisani. Wewe unayehesabu safari na usiyehesabu mifuko, unayemlipa dereva kwa safari ili akimbie, na kumkata mshahara akichelewa, usidhani mikono yako ni safi kwa kuwa haikushika usukani. Uliisukuma pikapu ile ukiwa umekaa dukani. Mshahara wa haki na mzigo wa haki ni sehemu ya usalama barabarani.

3. Misafara yetu wenyewe

Tusinyoshe kidole kwa wafanyabiashara peke yao. Tazameni misafara ya harusi itokayo makanisani mwetu siku ya Jumamosi. Pikapu ya matarumbeta imetangulia, wapigaji wamesimama nyuma. Mpiga picha ameketi ukingoni mwa bodi, miguu ikining'inia. Magari yanafuatana bampa kwa bampa, eti asipenye mgeni katikati. Likisimama la kwanza ghafula, la pili litaingia wapi? Litaingia kwenye miguu ya yule mpiga picha.

Vivyo hivyo kwa kwaya zinazopakiwa nyuma ya pikapu kwenda jubilei, na kwa waombolezaji wanaolizunguka jeneza. Aliye nyuma ya pikapu hana mkanda wala kiti. Gari linaposimama kwa kishindo, mwili wake huendelea kwa mwendo ule ule hadi ukutane na bodi, au lami. Ni aibu kumzika mmoja kwa kuwaandaa wengine kuzikwa.

4. Suala la haki

Tochi ya trafiki hupima mwendo, haipimi nafasi. Dereva aweza kwenda kilometa 50 kwa saa, akatii kibao cha kijijini, na bado akawa ameinusa bampa ya mwenzake. Hakuna atakayemsimamisha. Ndiyo sababu jambo hili ni la dhamiri kuliko la faini. Aliye mbele hawezi kujilinda, maana hawezi kuongeza nafasi iliyo nyuma yake. Usalama wake ameukabidhi kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo nafasi ile si ukarimu wa dereva anayefuata. Ni mali ya yule aliyetangulia, na anayeichukua amenyang'anya.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha katika maelezo ya amri ya tano kwamba wanaohatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo mzima wa kichungaji juu ya barabara, wenye amri kumi za dereva. Je, ni katika maungamo mangapi mwendo wetu barabarani hutajwa?

5. Tunachodai

Kwanza, kila dereva ajifunze kuhesabu. Gari la mbele likipita kibao au mti, hesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiufikia mti huo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwa gari dogo barabara ikiwa kavu, sekunde mbili ndizo za chini kabisa. Kwa pikapu iliyopakia, zisipungue tatu, yaani kama mita 67 katika mwendo wa 80. Mvua ikinyesha, zizidishe mara mbili.

Pili, Halmashauri za Walei ziweke daftari la gari la parokia: breki, tairi na taa za nyuma zikaguliwe kila mwezi, na dereva awe na haki ya kukataa safari bila kuadhibiwa.

Tatu, kwaya na waombolezaji wakodishiwe basi. Fedha ikipungua, wapunguzwe wasafiri.

Nne, Jumapili ya tatu ya Novemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka 2005 kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa ajali za barabarani, isomwe orodha ya marehemu wetu wa barabarani. Baada ya kusomwa, asiwepo wa kusema kwamba ajali haina kinga.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani mwenye gari ambalo sote tunajua halina breki nzuri? Nani atakwenda kuzungumza naye, na lini?

2. Je, utingo au abiria anaweza kumwambia dereva "acha nafasi" bila kutukanwa? Tufanye nini ili aweze?

3. Harusi ijayo katika parokia yetu, msafara utakwendaje?