Msitu wa Likawage Nao ni Mahali pa Kazi



Likizo hii nipo nyumbani Likawage, na nimeulizwa swali ambalo darasani sijawahi kulisikia. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinyoosha mguu akanionesha kovu linaloanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiyo mwanasheria wetu. Hapa niliumia kazini, au niliumia tu?"

Kisa chenyewe kifupi. Walikuja watafiti wa chuo kikuu kimoja, sitakitaja jina, kuhesabu na kupima miti kwenye msitu wetu. Mnajua msitu wetu una mpingo, na wageni wa aina hiyo tumewazoea. Wakataka vijana wanne wanaoujua msitu: kuonesha njia, kufyeka, kubeba vifaa na kuangalia tembo. Malipo shilingi 10,000 kwa siku, mkononi. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Hakuna aliyeulizwa kama ana buti. Kaka alikwenda na kandambili zake.

Siku ya tatu panga likateleza kwenye mti mgumu, likaingia mguuni. Gari lilikuwa limekwenda kutafuta mafuta. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo, si kwenye gari wala kwenye mabegi. Wakamfunga kwa khanga ya dada mmoja mtafiti, wakamtoa msituni kwa kumbeba, kisha bodaboda hadi zahanati, na kesho yake safari ndefu ya hospitali Kilwa Kivinje. Mhadhiri aliyeongoza msafara alimpa pole na malipo ya siku tatu. Alionekana kuumia moyoni kabisa, na sidhani kama ni mtu mbaya. Lakini msimu ule kaka hakupalilia ufuta, na mnaoishi huku mnajua maana ya nyumba kukosa ufuta.

Sasa tuseme sheria.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Wengi tukiisikia tunawaza viwanda, migodi na majengo marefu. Lakini mahali pa kazi kwa sheria hiyo ni popote mtu anapofanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Maabara ni mahali pa kazi. Jiko la kantini ni mahali pa kazi. Mhadhiri akitumwa na chuo chake kupima miti Likawage, basi siku hiyo msitu wa Likawage ni mahali pa kazi pa chuo, na wajibu wa mwajiri unamfuata mpaka chini ya mpingo.

Na wajibu huo unajulikana. Mwajiri aangalie hatari zilizopo kabla kazi haijaanza, awaeleze wafanyakazi, awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na huduma ya kwanza iwepo. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya. Mfanyakazi naye ana wa kwake: ajali usalama wake na wa wenzake, atumie vifaa alivyopewa, na akiona hatari aseme.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mambo haya ni ya makamu mkuu wa chuo na ofisi ya utumishi. Chuo hakina mikono. Mikono yake ni mhadhiri anayeongoza msafara, fundi sanifu anayefungua chupa ya tindikali, dereva anayeambiwa aendeshe usiku ili kuokoa posho ya siku moja. Akiwa msituni, yule mhadhiri ndiye mwajiri anayeonekana. Kama hakuuliza sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, hakuna mwingine wa kuuliza.

Usalama wa kwenye karatasi peke yake pia hautoshi, na jirani zetu Kenya walilipa gharama kubwa kujifunza hilo. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Garissa, transfoma ililipuka kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani ni magaidi, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki, zaidi ya mia moja wakaumia. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kikafanya zoezi la kujihami, milio ya risasi ikasikika, na watu wengi wakaamini ni shambulio la kweli. Wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja wa chuo alipoteza maisha. Alikufa kwenye zoezi la usalama! Kuwaambia watu mapema na kuwafundisha pa kukimbilia kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Na hapa kwetu? Desemba 2017 picha za nyufa kwenye hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilisambaa mitandaoni. Mwanafunzi aliyehusishwa na picha hizo akaishia mikononi mwa polisi. Tusidanganyane: nchi ambayo anayeonesha ufa anageuzwa mtuhumiwa, mfanyakazi gani wa chuo ataripoti waya ulio wazi? Hapo ndipo suala hili linapokuwa la kisiasa.

Narudi kwa kaka. Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, kwa waajiri wa serikali na wa binafsi. Mtu akiumia kazini anatakiwa kupata matibabu, na akibaki na ulemavu anapata fidia. Tatizo ni kuthibitisha kwamba ulikuwa mfanyakazi, na wa nani. Kaka hana mkataba, hana barua, jina lake halipo popote. Mimi ninavyoisoma sheria, aliyepangiwa kazi, akasimamiwa na akalipwa ni mfanyakazi hata kama alilipwa mkononi. Ila kusoma sheria ni jambo moja, kuwa na karatasi ya kupeleka ofisini ni jambo lingine. Nikamjibu ukweli: "Kaka, uliumia kazini. Lakini walikuandikisha kama umeumia tu."

Hili ni letu sote wa mkoa huu, kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kupitia mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao mimi na wewe tutaulipa. Tutaajiriwa walinzi, wafanya usafi, wapishi na madereva, wengi kupitia makampuni ya wakala. Tusipouliza sasa, tutakuwa kama kaka, ila kwa wingi.

Kwa hiyo nawaomba tufanye kitu kinachowezekana. Mtafiti hafiki kijijini kimyakimya. Barua yake hupita mkoani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Wenzetu mliopo kwenye halmashauri za vijiji na mnaohudhuria mikutano mikuu, hapo ndipo pa kusimamia. Kabla kijana hajaingia msituni, kijiji kiulize: majina ya wasaidizi yameandikwa wapi? Nani mwajiri wao? Buti na huduma ya kwanza viko wapi? Akiumia, gari gani litamtoa na nani atatoa taarifa kwenye Mfuko? Majibu yaandikwe, yasainiwe, nakala ibaki ofisi ya kijiji.

Na sisi tusijitoe. Tunaojaza vijana kwenye Canter kwenda mkutanoni, tukiwa tumesimama hadi kwenye ngazi, tuna la kujirekebisha pia.

Kaka amesema watafiti wengine wakija atakwenda tena, maana hela inahitajika. Nimemwachia daftari aandike tarehe, jina la chuo na jina la anayemtuma kazi. Safari hii kandambili zibaki nyumbani, buti aletewe na anayemtuma.