Kabati ya Nkambo: Tuijue Mbele ya Kuiuzisha

Juma hili tunazungumuza juu ya vitu vyenye tunavipangusa kila siku bila kuviangalia muzuri: meza, bufe, kabati, viti na vitanda vya mbao vya zamani.

Sababu iko hii. Wakati pesa ya masomo inatafutwa na nyumba haina makuta, ndipo wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba na kuuliza: "Mama, hauna meza ya zamani? Hauna kabati ya wakati wa Wazungu?" Mama mumoja wa kikundi chetu aliambiwa dola 30 juu ya bufe yenye bwana yake aliachiwa na baba yake. Alituuliza katika mukutano: "Hiyo ni bei, ao wananicheka?" Tulienda kwake pamoja, tukaigeuza bufe, tukaipima, tukaita fundi wa mbao. Yenye tulifanya kwake, kila mama anaweza kuifanya kwake.

Kwanza: ilitoka wapi?

Anza na masikio. Uliza muzee wa jamaa: nani alileta kitu hiki, mwaka gani, alikuwa anafanya kazi wapi? Andika jibu ku karatasi, sababu wazee wanaenda na habari zao.

Kasenga yetu iko na historia. Wakati wa Wabelgiji, Wagreki walikaa hapa kando ya Luapula wakifanya biashara ya samaki, na samaki hao walienda Élisabethville, yenye leo ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Kisha uhuru wa 1960 wengi walienda, na wengine walienda kisha mwezi wa 11 wa mwaka 1973, wakati Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Vitu vizito mara nyingi vinabakia nyuma ya wenye kuhama.

Lakini musifikiri kwamba kila kitu kizuri kilitoka Ulaya. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville mwaka 1911, wakafundisha vijana kazi za mikono, na useremala ndani. Meza nyingi zenye tunaita "za Wazungu" zilitengenezwa na mikono ya wababa na wankambo wetu. Hiyo haipunguze bei yake hata kidogo.

Ukigeuza meza na kuona namba ya rangi ao bati dogo lenye jina la kampuni, uliza namna gani kitu kile kilitoka kazini. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, kisha ikawa Gécamines. Reli ya BCK kisha ikawa SNCC. Kama muzee alipewa ao alinunua, tafuta karatasi. Karatasi inaongeza bei, tena inakulinda siku mutu anakuja kusema, "Hiyo ni mali ya kampuni."

Pili: ni muti gani?

Usiangalie juu, mahali penye kupakwa verni. Angalia chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya kisanduku cha kuvuta. Pale muti haudanganye. Lowanisha kidole na maji kidogo, pakaa mahali penye kufichama, na rangi yake ya kweli itatokea.

Mulombwa iko na rangi ya kahawia yenye kuvuta ku nyekundu ao ku dhahabu. Watanzania wanauita mninga, Wazambia mukwa. Mafundi wanaupenda juu haujipinde sana ukikauka, na muchwa hauupendi. Mupapa ni muzito na mugumu. Rangi yake ni kahawia yenye kuchangamuka. Kambala, yenye inatoka ku mapori makubwa ya inchi yetu na Watanzania wanaita mvule, inaanza na rangi ya manjano na kuwa kahawia vile miaka inapita. Mukula ni mwekundu na muzito. Wankambo wetu walitosha ndani yake unga mwekundu wa nkula.

Kisha kuko udanganyifu wa siku hizi: ubao wa unga wa mbao wenye kushikamanishwa na kole, na juu yake karatasi yenye picha ya muti. Angalia ku pembe. Kama ni muti wa kweli, mistari ya juu inafuatana na mistari ya ku pembe. Kama ni ubao wa unga, utaona punje ndogondogo, na pale maji iliingia, umevimba kama mukate.

Hatuwezi kuzungumuza juu ya miti bila kukumbuka mukula. Katika miaka ya 2010, malori yalijaa hapa Kasenga, miti ikakatwa na kupelekwa mpaka China. Wakata-miti walilipwa kidogo, wachuuzi wa mbali wakapata kingi, juu wao walijua bei ya mwisho na sisi hatukuijua. Tangu mwezi wa 11 wa mwaka 2019, mukula uko ndani ya mapatano ya dunia yenye kuitwa CITES, yenye inachunga biashara yake kati ya inchi na inchi. Lakini miti yenye ilianguka haitasimama tena. Tusifanye vile na kabati zetu.

Tatu: ilitengenezwa namna gani?

Vuta kisanduku, ukitoshe kabisa, uangalie mahali mbao mbili zinakutana. Kama zinaingiliana na meno yenye kupanuka kama mukia wa ndege, ni kazi ya fundi mwenye kujua. Meno yenye hayalingane sawasawa yanaonyesha kwamba yalikatwa na mukono. Meno yote yenye kulingana ni kazi ya mashini. Misumari midogo na kole tu: kazi ya haraka.

Angalia vichwa vya visi. Vya zamani viko na mustari mumoja. Vyenye musalaba vilianza kuenea kisha miaka ya 1930, na kwetu vilikuja nyuma zaidi. Lakini kisi kimoja kinaweza kubadilishwa. Angalia vyote mbele ya kukata maneno.

Meza ya muviringo, uipime na metre pande mbili. Muti unapokauka kwa miaka mingi, unapungua upande mumoja kuliko upande mwingine. Meza ya zamani kweli inaweza kuwa imepungua kidogo upande mumoja, bila macho kuona.

Kwa mwisho, tafuta wadudu. Tundu ndogo zenye kukauka ni jambo la zamani. Tundu zenye kutosha unga mupya mweupe zinaonyesha kwamba mududu angali ndani. Utenge kitu kile, kisiambukize vingine, na umwambie mununuzi ukweli.

Ine: bei inahesabiwa, haibahatishwe

Sasa tuko ku hesabu, na sisi walimu tunaipenda. Uliza fundi wawili, wasiosikilizana: "Ukinitengenezea bufe kama hii, ukubwa huu, muti huu, utaniomba ngapi?" Tuchukue mufano. Mbao dola 110, kazi dola 60, jumla 170. Bufe yako iko na muguu wenye kuvunjika, kuutengeneza ni dola 20: inabakia 150. Mununuzi ataipeleka Lubumbashi, kilometa 200 hivi, na kulipa lori dola 30: inabakia 120. Umuachie faida ya dola 30, yeye pia iko na watoto. Inabakia 90.

Hiyo 90 ndiyo chini kabisa. Kama muti haupatikane tena, kama meno ni ya mukono, kama habari yake inajulikana, unapanda juu yake. Na mutu mwenye anakuletea 30, unaona wewe mwenyewe anakula ngapi.

Bufe ya mwenzetu ilikuwa ya mulombwa, na meno ya mukono ku visanduku vyote. Mununuzi alirudia mara tatu na kufika dola 85. Mama alikataa. Pesa ya masomo ya mutoto ilitoka ku likelemba, na bufe ingali mahali pake. Si kila mama anaweza kungoja vile, tunalijua. Ndiyo maana inafaa kujua bei mbele njaa haijafika ku mulango, juu mwenye haraka ndiye anakubali bei ya mwingine.

Mambo ya kuchunga

Usikwangue verni ya zamani wala kupaka mupya ili kipendeze. Wenye kutafuta vitu vya zamani wanalipa juu ya ile rangi ya miaka. Pangusa na kitambaa kikavu tu.

Piga picha tano na telefone: mbele, nyuma, chini, ndani ya kisanduku, na mahali penye kuharibika. Tuma kwa ndugu yako wa Lubumbashi aulize bei kule.

Usikubali kitu kipelekwe "kuonyeshwa kwanza". Kinatoka ku nyumba kisha pesa kuingia. Angalia kila dola: yenye kupasuka hata kidogo itakukatalia ku soko. Andikeni karatasi mbili zenye majina, tarehe, bei na namna kitu kilivyo, na mutie mukono mbele ya shahidi, kama shefu wa kartie.

Na kama bwana amekufa? Hapa tunasema kwa nguvu. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, yenye kutengenezwa upya na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, inamupa mwenye kubakia haki ya kuendelea kutumia nyumba yenye walikaa pamoja na vyombo vya ndani. Kwa hiyo wakwe hawana ruhusa ya kupakia kabati ku lori kisha kilio. Ndoa yenye kuandikishwa ku serikali inasaidia sana kuonyesha haki hiyo, na tribinali ya amani inaweza kuisikiliza. Lakini, mama, haki ya kutumia si haki ya kuuzisha peke yako. Watoto ni wariti. Mukae nao, mupatane, muandike.

Yenye haiuzishwe

Kiti cha kuchongwa cha ukoo, kiti cha ufalme, kitu chenye nkambo alikalia akihukumu maneno: hicho si chombo cha nyumba. Viti vya Waluba vyenye kuchongwa na fundi mwenye watu wa ma-muze wanamwita Fundi wa Buli viko leo London na New York, na watoto wetu wanaviona ku picha tu. Kama kitu cha namna hiyo kiko kwenu, muulize kwanza wazee wa ukoo. Ku Lubumbashi kuko pia Muze ya Taifa, yenye ilianza mwaka 1946.

Kazi ya juma

Kila mama achague kitu kimoja cha mbao ndani ya nyumba yake, akigeuze, aandike mambo tano: kilitoka wapi, muti gani, mbao zinashikamana namna gani, kimeharibika wapi, na fundi anasema bei ngapi. Mwenye hajui kuandika, mutoto wake amuandikie. Ni zoezi muzuri kwake pia. Tutasoma karatasi zetu pamoja ku mukutano wenye unakuja. Hata kama hakuna mwenye atauzisha, kila mumoja atajua iko na nini.

Mubakie salama.