Na Wewe, Kwenu Kuna Wimbo?

Umeme ulikatika saa mbili usiku, wiki ya pili ya muhula, na chumba chetu cha watu wanne kikabaki na mwanga wa simu yangu peke yake. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kusoma. Mwenzetu mmoja, binti wa Tanga, akaleta mchezo: kila mtu ataje wimbo anaoupenda, ila jina la wimbo lazima liwe na jina la mahali. Siyo mahali patajwe huko katikati ya wimbo, hapana. Pawe kwenye jina lenyewe. Atakayeshindwa anachota maji ya chumba kizima kesho asubuhi.

Akaanza yeye kwa kujipendelea: "Tanga Kunani" ya Wagosi wa Kaya. Wa Dar akadaka fasta: "Mbagala" ya Diamond Platnumz. Wa tatu akasema "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond, tukacheka wote, maana kila mtu anajua kwa nini wimbo ule ulileta kelele. Zamu ikafika kwangu.

"Haya, mtu wa Shinyanga. Na wewe, kwenu kuna wimbo?"

Nikataja "Nakei Nairobi" ya Mbilia Bel, kwa sababu baba alikuwa nayo kwenye kaseti. Wakanikubalia. Sikuchota maji. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimewadanganya wenzangu mara mbili. Kwanza, mimi si mtu wa Shinyanga mjini kama nilivyowaambia tangu mwaka wa kwanza. Kwetu ni Mwakitolyo, kwenye machimbo. Pili, wimbo nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye simu ileile iliyokuwa inatumulikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jina la mahali linafanya kazi gani juu ya wimbo. Chukua "Tanga Kunani". Mkoloni na Dr. John hawakuisifia Tanga, waliiuliza. Mkoa uliojulikana kwa mkonge, reli na bandari unaulizwa hadharani: umepatwa na nini? Anayekuuliza "kunani" anakujali, ndiyo maana mwenzangu wa Tanga huutaja wimbo ule kwa kujidai ingawa umejaa malalamiko.

"Mbagala" ni habari nyingine. Wakati Diamond anaimba, alikuwa bado kijana anayelitafuta jina, na Mbagala kwa watu wa Dar haikuwa mahali pa kutajia mchumba. Ni mbali, ni foleni, ni kuingilia dirishani ili upate siti ya daladala. Yeye akaliweka jina hilohilo juu ya wimbo wa mapenzi ya mtu asiye na hela. Waliokuwa wanasema "nakaa huku karibu na Temeke" wakaanza kusema Mbagala bila kumung'unya maneno.

"Mwanza" nayo ina somo lake. Rayvanny na Diamond walilichezea jina la Nyegezi, mahali ambapo wenzetu wengi wa Kanda ya Ziwa wanapajua kwa stendi ya mabasi na kwa chuo cha SAUT kilichoko upande huo wa Malimbe, wakaligeuza kuwa neno la chumbani. Novemba 2018 BASATA ikaufungia wimbo. Desemba wakaupiga jukwaani, tena Mwanza kwenyewe, wakafungiwa wao kufanya maonyesho, wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Mimi sina ugomvi na utani. Nasema tu kwamba jiji zima la mawe na samaki na wavuvi liliingia kwenye jina la wimbo, na tulichobaki nacho ni kicheko cha Nyegezi. Kutajwa peke yake hakutoshi.

Halafu wako Kigoma All Stars, ambao mwaka 2012 walikusanyika watoto wa mkoa mmoja wakatoa "Leka Dutigite". Jina la Kigoma halimo kwenye jina la wimbo, kwa hiyo kwenye mchezo wetu ungechota maji. Lakini walifanya jambo kubwa zaidi: waliweka Kiha pale juu, acha tujidai, na nchi nzima ikajifunza kulitamka. Wakati ule kuitwa mtu wa Kigoma ilikuwa karibu na tusi, eti mshamba, eti si raia. Wao wakaligeuza.

Zamani bendi zenyewe ndizo zilizobeba majina ya mahali: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Ulikuwa huwezi kumtaja Mbaraka Mwinshehe bila kuutaja mji wake. Na huko nje ni vivyo hivyo. Bob Marley alipotoa "Trench Town Rock" mwaka 1971, Trench Town kilikuwa kitongoji cha masikini Kingston. Hakikusubiri kuwa na lami ndipo kiimbwe.

Basi kwa nini mimi nilinyamaza?

Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa jarida hili ni letu. Mwaka wa kwanza, tulipokuwa tunajitambulisha kwenye semina, kijana mmoja alisema anatoka Geita, na nyuma yangu mtu akanong'ona, "huko kwa wachimbaji, watu wa vurugu." Zamu yangu ilipofika nikasema Shinyanga mjini. Uongo mdogo tu. Ila uongo wa namna hiyo unaudai uongo mwingine. Nikawa sisemi kwamba ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye wali maharage ambao mama anawauzia watu wa karasha. Nikawa sisemi kwamba kaka yangu anashuka duarani. Kwetu hata mitaa ya machimbo haina majina, ina namba. Mtu akikuambia "niko namba mbili" au "niko namba tano", ujue anamaanisha machimbo fulani ya Mwakitolyo. Nikajiambia, mahali penye namba badala ya jina nani atapaimba?

Kisha siku moja, nikiwa kwenye daladala narudi chuo, redio ikasema duara limetitia katika machimbo mkoani Shinyanga, watu kadhaa wamefukiwa. Sikusikia vizuri machimbo gani. Nikampigia kaka, hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Mwanafunzi mwenzangu aliyekaa pembeni akasema, wala si kwa ubaya, "Hawa watu nao, kila siku wanafukiwa. Si waache tu?" Sikumjibu. Nilishuka kituo ambacho siyo changu, nikakaa chini ya mwembe, nikapiga simu ile kuanzia saa nne mpaka karibu saa kumi jioni. Kaka alipopokea alikuwa ananicheka: "Mdogo wangu, mbona missed call zote hizi? Nilikuwa chini." Haikuwa Mwakitolyo. Ilikuwa kwa watu wengine, wenye wadogo zao wengine.

Nikaanza kuona kitu. Majina ya kwetu yanaingia redioni siku ya msiba tu. Mwaka 2015 nchi nzima ilijifunza jina Nyangalata, kule Kahama, kwa sababu wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi, vyura na mende na kunywa maji yanayodondoka kwenye mwamba. Agosti 2025 tukajifunza Nyandolwa, hapohapo wilayani Shinyanga, kwa sababu watu 25 walifukiwa. Habari ikipoa, jina nalo linarudi shimoni. Na habari ina tabia yake: inahesabu. Watu kadhaa, watu 25, mmoja ametambuliwa. Sikatai, ndiyo kazi yake. Lakini mtu wa kwetu akifa, tunachokijua ni jina la baba yake, ng'wana fulani, na ng'ombe aliowaacha, na deni alilokuwa anadaiwa dukani.

Sasa niuzungumzie wimbo niliouficha. Kwenye simu yangu unaitwa "mwakitolyo mpya 3". Hilo ndilo jina lake, kwa sababu kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori ndiye aliyeliandika hivyo, na hakuwa na muda wa kufikiria jina la maana. Ni wimbo wa Kisukuma, ulirekodiwa kwenye harusi nyumbani. Mwimbaji aliitwa na mwenye duara mmoja aliyekuwa anaoza binti yake, akalipwa, na kwa dakika kama kumi anaimba juu ya zeze, makofi na spika inayokwaruza.

Anamsifia aliyemlipa, hiyo ni kawaida. Lakini akimaliza kumsifia anashuka. Anawataja wavuta kamba. Anawataja wanawake wa mwaloni, wanaokaa na zebaki mikononi kutwa nzima. Anawataja mama lishe, na mama yangu yumo, kwa jina la baba yake. Halafu sauti inashuka na anawataja waliofukiwa, mmoja mmoja, kila mtu na ukoo wake, na watu harusini wanaitikia. Jina la Mwakitolyo, kwa matamshi ya wazee Ng'wakitolyo, linarudi baada ya kila marehemu. Nimejaribu kuhesabu mara ngapi, huwa nashindwa kwa sababu nikifika kwa jirani yetu mmoja siendelei.

Huu si mtindo aliouzua yeye. Wasukuma wameimba kazi zao tangu zamani: kilimo, uwindaji, upagazi, pamba. Ushindani wa ngoma wa Bagika na Bagalu umelea mamanju wa vizazi na vizazi. Msomi wa muziki Frank Gunderson alitoa kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010. Ukienda makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, utaona ngoma zenyewe. Kwa hiyo ni uongo kusema kwetu hatuna wimbo. Tunao. Tatizo ni mimi niliyefika chuo kikuu, nikajifunza kuona wimbo wenye Kiingereza cha kuvunja ni muziki, na wimbo wenye Kisukuma safi ni kelele za kijijini zinazosikilizwa kwa hedifoni.

Najua wapo watakaosema: dada, wimbo hauzuii duara kuporomoka. Kweli kabisa. Kinachozuia ni matimba imara, ukaguzi, na mwenye duara kukubali kusimamisha kazi mvua ikinyesha, hata kama anapata hasara. Nami sisemi tuache kudai hayo. Hugh Masekela aliimba "Stimela", ule wimbo wa treni inayowapeleka wanaume migodini Johannesburg, na migodi haikufungwa. Lakini akazitaja nchi walikotoka, na kila anayeusikia hadi leo anajua kwamba dhahabu ile ilichimbwa na watu wenye kwao. Mwenzangu wa daladala angekuwa amewahi kusikia jina la Mwakitolyo kwenye harusi, pamoja na wali wa mama yangu, nadhani asingesema "si waache tu". Angeuliza kwanza, waache waende wapi?

Na wapo watakaosema nyimbo hizi zinawasifia wenye hela. Hilo nalo ni kweli. Yule mwimbaji alilipwa na mwenye duara, siyo na mvuta kamba, na sifa za tajiri ndizo ndefu kuliko zote. Nimekasirika mara nyingi nikisikiliza sehemu ile. Ila hapo ndipo sisi tunapoingia. Sisi tuna simu nzuri, tuna studio ya chuo ambayo nusu ya wiki haina mtu, na tuna bumu linaloishia kwenye chipsi. Tunaweza kumlipa mwimbaji nauli na soda, awaimbe watu ambao hawana cha kumlipa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wizara ya utamaduni ya serikali yetu ya wanafunzi: usiku wa utamaduni mwaka huu usiwe tena wa kuvaa vitenge na kupiga picha. Kila anayetaka aje na wimbo mmoja wenye jina la kwao, kwa lugha yoyote, auweke kwenye spika, kisha atueleze kwa Kiswahili unasema nini na nani anatajwa ndani yake. Tuzirekodi, tuziandike majina yake vizuri, jarida hili liitunze orodha. Vijana wa kozi ya muziki na wa isimu wataikuta kazi tayari.

La pili ni kwenu mnaosema mnatoka "Shinyanga mjini", "karibu na Kahama", "upande wa Geita". Nawajua, maana nilikuwa mwenzenu. Taja jina. Mtu akishangaa, mwache ashangae.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika tena. Nikawaambia wenzangu kwamba ule mchezo nilicheza vibaya, nina jibu jingine. Nikaupiga "mwakitolyo mpya 3" wote, dakika zake zote, huku nawatafsiria. Tulipofika kwa mama yangu wakapiga makofi. Tulipofika kwa wale wengine, chumba kikawa kimya, na binti wa Tanga akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Alitaka kusikia vizuri lile jina la jirani yetu. Akalitamka mara mbili mpaka likakaa sawa.

Asubuhi nilichota maji mimi. Nilikuwa nadaiwa.