Wamisionari Gani Hao?

Mwandishi mmoja anashikilia kwamba sanaa ya kupamba Injili kwa picha ililetwa Afrika na wamisionari wa Ulaya. Wamisionari gani hao? Injili za Abba Garima, karibu na Adwa, Ethiopia, zimeandikwa kwa Kigeez juu ya ngozi ya mbuzi, na vipimo vya kaboni vinaziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Picha za Wainjilisti zimo humo. Injili ya Lindisfarne, fahari ya Uingereza, ni ya mwaka 700 hivi. Mjukuu kamzaa babu!

Eti pia Waafrika hawakuwa na mapenzi ya kitabu. Hapa kwetu Ngorongo hatuna ngozi za kale za kuonyesha, sawa. Lakini misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, nani aliinakshi?