Udhuru na Kisingizio



Lugha yetu hutofautisha udhuru na kisingizio, nasi hatuna budi kuilinda tofauti hiyo. Mwenye udhuru ana sababu ya kweli: ameugua, amefiwa, mto umefurika. Kisingizio chatokana na kusingizia, yaani kumtwika mwingine kosa asilolitenda. Basi kila penye kisingizio yupo anayeonewa. Mume ampigaye mkewe husema ni pombe, au shetani alimpitia (hata shetani hutwikwa yasiyo yake), na mara nyingi humaliza kwa kusema mke ndiye aliyemchokoza.

Hata mila husingiziwa. Takrima kwa asili ni ukarimu kwa mgeni, jambo jema kabisa. Lakini mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, na vitu ambavyo mgombea aliwapa wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi havikuhesabiwa tena kuwa rushwa. Chaguzi kuu mbili zikapita, wa 2000 na wa 2005, kabla Mahakama Kuu haijavitangaza vifungu hivyo, Aprili 2006, kuwa kinyume cha Katiba. Waliosingiziwa ni wazee wetu, waliowakirimu wageni bila kuwaomba kura.

Viongozi wa walei wanaposuluhisha magomvi katika jumuiya, na wamwulize msemaji: katika maelezo yako, nani ametwikwa mzigo? Mara nyingi ni yule asiyekuwapo kikaoni. Aitwe, naye asikilizwe.