Bustani ya jikoni: Wafaransa hupanda kwa kufuata sufuria

Mwezi Aprili 2010 mlima wa volkano nchini Iceland ulirusha majivu angani, na viwanja vya ndege vya sehemu kubwa ya Ulaya vikafungwa kwa siku kadhaa. Nchini Kenya maharage machanga, ambayo wakulima wengi huyaita mishiri, yalikuwa yamekwishachumwa na kufungwa kwenye maboksi. Ndege hazikuja. Mengine yalitupwa, mengine wakalishwa ng'ombe.

Wakati ule mjadala ulihusu hasara ya fedha za kigeni. Hata hivyo, lilikuwapo jambo jingine lililopita bila kuzungumzwa sana. Zao lililojaa mashambani halikuwa na nafasi kwenye sufuria za waliolilima. Lilipandwa kwa ajili ya sahani ya mtu wa mbali, na sahani hiyo ilipokosekana, likawa majani ya mifugo.

Waingereza huyaita maharage hayo kwa jina la Ufaransa. Ni ajabu basi kwamba huko Ufaransa kwenyewe mwenye bustani ya nyumbani huyalima kwa utaratibu ulio tofauti kabisa. Hajazi ekari. Hupanda mstari mmoja mfupi mwezi Mei, baridi ikishakwisha, kisha mwingine baada ya wiki mbili au tatu, na kuendelea hivyo hadi Julai. Mstari wa kwanza ukichoka, wa pili unaanza kuzaa. Maharage yanafika jikoni kidogo kidogo msimu mzima, wala hayafiki siku moja yote kwa gunia.

Bustani ya namna hii Wafaransa huiita potager, neno linalotokana na potage, yaani supu. Jina lenyewe linaeleza kazi yake. Mkulima wa soko huuliza kwanza ni zao gani litapata bei. Mwenye potager huuliza nini kitapikwa Jumanne ijayo, na Jumanne ya mwezi wa pili mwakani. Kwa hiyo atakuta ana liki, karoti, vitunguu, kabichi na viazi, na karibu na mlango wa jiko ana kotimiri, thaimu na majani mengine ya viungo, ili mpishi asiende mbali.

Kuilisha familia mwaka mzima katika nchi yenye baridi kali si jambo la bahati. Nyanya hazitolewi kitaluni kabla ya katikati ya Mei. Wazee wa bustani husubiri zipite tarehe 11, 12 na 13 za mwezi huo, siku zinazoitwa za watakatifu wa barafu, kwa kuwa ubavu wa baridi unaweza kurudi usiku mmoja na kuua miche yote. Liki hupandikizwa kiangazi na kuachwa ardhini. Baridi haiziui, huchimbwa moja moja hadi karibu na Machi. Kitunguu saumu huingia ardhini Oktoba au Novemba. Karoti huvunwa na kufukiwa kwenye mchanga ndani ya chumba chenye ubaridi. Saladi ndogo iitwayo mâche husiwa mwishoni mwa kiangazi na kuliwa wakati mashamba mengine yamelala. Nyanya zilizozidi hufungwa kwenye chupa na kuchemshwa, njia ambayo Mfaransa Nicolas Appert aliichapisha mwaka 1810.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Historia inawapa haki kwa upande mmoja. Kati ya mwaka 1678 na 1683 Mfalme Louis XIV alijengewa bustani ya mboga ya hekta zipatazo 9 kule Versailles, chini ya usimamizi wa Jean-Baptiste de La Quintinie, na meza yake ikapata asparaga katikati ya baridi kwa kutumia vioo na joto la samadi mbichi. Hesabu ya mfalme haifai kuigwa na mtu anayelipa vibarua kwa fedha ya mfukoni mwake.

Upande wa pili ndio wenye manufaa zaidi kwa mkulima mdogo. Mwaka 1896 padri Jules Lemire, aliyekuwa pia mbunge, alianzisha kule Hazebrouck chama cha kuwapatia wafanyakazi wa viwandani vipande vidogo vya ardhi. Walengwa walikuwa watu wa mshahara mdogo ambao fedha yao iliishia kwenye chakula. Bustani hizo zipo mpaka leo kwa jina la bustani za familia, na sheria ya Ufaransa inasema mazao yake ni kwa mahitaji ya nyumba, si biashara.

Kwa nini nchi ithamini kilimo kisichouza hata fungu moja? Jibu liko kwenye bei, na hapa ndipo wakulima wengi wa Afrika Mashariki hukosea hesabu.

Kilo ya mboga inayouzwa humpa mkulima bei ya shambani, baada ya dalali na usafiri kuchukua chao. Kilo hiyo hiyo ikiliwa nyumbani humwokolea bei ya gengeni. Chukulia, kwa mfano tu, familia inayokula kilo moja ya mboga kwa siku, bei ya shambani ikiwa shilingi 500 na ya gengeni shilingi 1,200. Kwa mwaka, kilo 365 zikiuzwa zinaleta shilingi 182,500. Zikiliwa nyumbani zinazuia matumizi ya shilingi 438,000. Tofauti ya shilingi 255,500 haionekani popote kwa sababu hakuna aliyeishika mkononi. Ndiyo maana bustani ya nyumbani huitwa kazi ndogo, na mara nyingi huachiwa mama na watoto.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Mboga lazima iwepo wakati gengeni ni ghali. Nyumba inayovuna mchicha mwingi wakati wa mvua, jirani zake wote wakiwa nao, haijaokoa kitu. Kinachostahili kuchukuliwa kwa Mfaransa ni zamu ya kupanda. Liki na mâche zake abaki nazo. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo tuta moja dogo lisiwe kila baada ya wiki mbili. Sukuma wiki huchumwa majani kwa miezi mingi. Matembele yakishashika ardhi hayahitaji mbegu tena. Nyanya za masika hushambuliwa na bakajani, hivyo anayetaka kuzila wakati huo ajenge kipaa juu ya mashina machache badala ya kupanda mia na kupoteza themanini.

Adui wa Mfaransa ni barafu; adui wa huku ni ukame, na kupigana naye kuna gharama. Tuta la mita 1 kwa mita 10 wakati wa jua kali huhitaji takriban lita 40 kwa siku. Matuta manne ni lita 160, yaani ndoo nane za lita 20. Matandazo ya nyasi kavu na maji yaliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, hupunguza mzigo huo lakini hayaufuti. Kisima kikiwa uani, kazi hii inalipa. Maji yakinunuliwa kwa ndoo, bei ya ndoo nane iwekwe kando ya ile tofauti ya shilingi 255,500 kabla jembe halijashikwa, na huenda tuta moja likatosha. Yakichotwa kilomita mbili kutoka nyumbani, baba mwenye nyumba aseme kwanza ni nani atakayeyabeba.