Talaka na Hati ya Baraza



Ndugu msomaji, hapa Nyasubi wapo akina mama walioachwa kwa ujumbe wa simu na waume walioko machimboni. Eda ikiisha, mama huenda mahakamani kudai haki yake katika nyumba waliyoijenga pamoja, akirudishwa hushangaa. Ujumbe ule, hata karatasi ya talaka, hautoshi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, yataka mgogoro ufikishwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza huwaita wote wawili, huwasikiliza, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati. Hati hiyo huambatishwa na maombi ya talaka, nayo isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa. Ndoa isiyotimiza miaka 2 yahitaji pia ruhusa ya mahakama.

Wapo wanaodhani ndoa ya Kiislamu imesamehewa. La. Kifungu cha 107(3) chaitambua talaka ya dini, lakini iliyofuata baada ya Baraza kuthibitisha kwamba suluhu imeshindikana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara, ilibatilisha mwenendo wa shauri la wanandoa Waislamu kwa kukosa hati halali.

Je, mume akitoweka? Sheria haikumfunga mke. Mwenza asiyejulikana alipo, au aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi, hazuii shauri kusikilizwa. Basi mama atunze nakala za wito na ushahidi wa kumtafuta.

Bila amri ya mahakama, mali iliyochumwa pamoja haigawanywi chini ya kifungu cha 114, na kwa sheria ya nchi mama huyo angali mke wa mtu.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Suratun-Nisaa, aya ya 35, imetuelekeza kuweka wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, pale mfarakano unapohofiwa. Anayeacha kwa simu akiwa shimoni ameiruka hatua ambayo Mola wake aliiweka kabla ya serikali.

Enyi waume, rejeeni nyumbani mkae mbele ya wazee. Nanyi akina mama, anzieni barazani, kisha mahakamani.

Wallahu a'lam.